Kwacha Ndani ya Kapu la Sadaka

Kila Jumapili baada ya ibada, mtunza hazina wa usharika wetu humwaga sadaka mezani na kuipanga kwa mafungu. Shilingi zetu huwekwa upande mmoja. Upande wa pili, karibu kila wiki, hubaki fungu dogo ambalo wazee wa kanisa hulitazama bila kusema kitu: noti za kwacha.

Sisi wa Talatala na sehemu nyingine za wilaya ya Kyela hatuzishangai noti hizo. Mto Songwe ni mpaka kwenye ramani, lakini ndugu zetu Wangonde wa Karonga wanasalimia kama sisi na kuzika kama sisi. Mto wenyewe hubadili mkondo mvua zikizidi, ukamwacha mtu na shamba lake ng'ambo. Watu huvuka kulima, kuuza mchele, kuoa na kulia msibani, na fedha huvuka pamoja nao. Pale Kasumulu kwacha ni fedha. Ukipanda nayo hadi Tukuyu inaanza kuulizwa maswali. Ukifika nayo Mbeya, mwenye duka ataigeuza mara mbili na kukurudishia.

Siku moja, katika kikao cha baraza, mzee mmoja alisema tutangaze kanisani kwamba kwacha isiwekwe tena kapuni. "Watu wanamletea Mungu kile ambacho duka limekataa," alisema, akatukumbusha nabii Malaki, aliyewakemea waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kilema ambaye hawangethubutu kumpelekea liwali wao. Mama mmoja akainua mkono. "Mzee wangu," alisema, "mwanangu analima ng'ambo. Akinikumbuka ananitumia hiyo hiyo. Nikingoja mpaka nipate wa kuibadili, Jumapili imepita. Basi niache kutoa?"

Kikao kilinyamaza. Nilitazamiwa niseme neno, na sikuwa nalo. Swali lilikuwa kubwa kuliko kapu: je, ni haki mbele za Mungu kumpa jirani fedha ambayo najua itamsumbua kuitumia? Kabla sijajibu, ndugu msomaji, sina budi kukiri jambo.

Tarehe 8 Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilitangaza kushusha thamani ya kwacha. Dola moja ya Marekani iliyokuwa ikihesabiwa kwa kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700. Halikuwa jambo geni. Thamani ilishushwa hivyo pia mwezi Mei 2012 na Mei 2022. Nilisikia habari ile redioni, nikakumbuka kwamba ninazo kwacha nilizopewa na ndugu wa Karonga kama nauli, nilipokwenda kuhubiri msibani.

Jumamosi ya wiki ile nilikuwa Matema, nikitoka kumpa mgonjwa Chakula cha Bwana. Nikapita sokoni Lyulilo, ambako kila Jumamosi Wakisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nilichagua vyungu vitatu kwa bibi mmoja, tukapatana bei kwa shilingi. Kisha nikatoa kwacha, kwa hesabu ya wiki iliyopita. Katika mfuko wa pili nilikuwa na shilingi za kutosha.

Bibi akaitazama noti. Akanitazama mimi, na kola yangu ya uchungaji. Akauliza, "Hii inapita, mchungaji?"

Nikajibu, "Inapita, bibi."

Sikusema uongo. Kasumulu inapita. Lakini yeye hakuniuliza habari za Kasumulu. Aliniuliza kama angeweza kununua nayo sukari kabla mtumbwi haujaondoka, na nilijua kwamba hataweza.

Wiki mbili baadaye nilimkuta tena. Duka la kwanza lilimkatalia. La pili lilitaka kumpa chini ya nusu. Alikuwa amezirudisha noti zangu katika pindo la khanga, akazitunza. Hakunilaumu. Alisema huenda wenye maduka wa pale hawaijui fedha hiyo vizuri. Kati ya neno langu na neno lao, alikuwa bado ameshika la kwangu. Nilizichukua zile noti, nikamlipa shilingi, naye akaniambia, "Ndaga, mchungaji," kana kwamba nimemtendea wema. Siku ile sikumwambia kwamba nilijua tangu mwanzo.

Tangu hapo nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na kuna mambo ambayo sasa nayaona wazi.

Kwanza, noti inayokataliwa si noti mbaya kwa sababu hiyo. Wamisionari waliojenga Livingstonia, huko ng'ambo ya ziwa letu, walitoka Uskoti. Huko kwao hadi leo benki tatu za biashara hutoa noti zao wenyewe. Ni pauni ile ile ya Uingereza, thamani ile ile. Hata hivyo mwenye duka wa London aweza kuitilia shaka noti ya Uskoti na kuirudisha kwa mteja. Haikupungua kitu njiani. Imefika tu mahali ambapo haijulikani. Kwa hiyo tusiwe wepesi kumhukumu mwenye duka. Naye anajiuliza swali la bibi: nikiipokea, nitampa nani? Kukataa noti usiyoweza kuitumia si dhambi. Dhambi iko kwa mwenye duka anayejua bei halisi, kisha akaona shida ya mwenzake na kumpa nusu.

Pili, fedha ya haki hupimwa kwa mkono wa anayepokea. Katika Mwanzo sura ya 23 Ibrahimu anataka mahali pa kumzika Sara. Yeye ni mgeni katika nchi ile. Efroni, kwa adabu ya sokoni, anasema atampa shamba bure. Ibrahimu hakubali. Anampimia shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, na Biblia inaongeza neno dogo ambalo nilikuwa nikilipita bila kuliona: ilikuwa fedha yenye kupokelewa na wafanyabiashara. Baba wa imani hakutafuta mfukoni kile kilichomlemea ili akiache kwa Efroni. Alitoa kile ambacho Efroni angeweza kukitumia kesho yake.

Martin Luther anatufundisha vivyo hivyo katika amri ya saba, usiibe. Katika Katekisimu Kubwa haishii kwa mwizi anayevunja mlango. Anawataja pia watu wa sokoni: mwenye mizani ya uongo, mwenye bidhaa mbovu, mwenye fedha isiyo sawa, na yule mjanja anayetumia kutojua kwa mwenzake. Na katika Katekisimu Ndogo tunayowafundisha watoto wa kipaimara, amri hiyo ina upande wa pili: tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Mimi ninayefundisha maneno hayo kila mwaka nilimwacha bibi na mali iliyopungua, na kola yangu ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Tatu, hasara ya noti haipotei. Inapokezanwa. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bahari ilipozuiwa na Waingereza, serikali ya Wajerumani ilichapa noti za dharura za rupia hapa hapa nchini. Mwaka 1916 Waingereza wakaingia Tukuyu, na utawala uliotoa ahadi ile ukaondoka. Aliyepata habari mapema alikuwa na nafasi ya kuipitisha noti yake kwa mwingine. Wa mwisho kupata habari ndiye aliyebaki na karatasi. Hata fedha yetu wenyewe yaweza kufika hapo. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilizikusanya noti za zamani ili zisitumike tena. Tujiulize kwa unyofu: katika siku zile za mwisho, aliyekuwa na noti ya zamani alikwenda nayo benki, au alimtafuta mzee asiyesikiliza redio?

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali la baraza. Anayejua ndiye abebe hasara. Kama najua kwamba noti yangu haitapita aendako jirani yangu, kazi ya kuipeleka inakopita ni yangu, na nauli ni yangu, na kama thamani imeshuka, kushuka huko ni kwangu. Nisimpe asiyejua mzigo ambao mimi mwenye kujua nimeona ni mzito.

Nchi nayo imeweka utaratibu. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni za serikali zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Huku mpakani wengine wanaliona jambo hili kama usumbufu kwa watu wadogo, na ni kweli kwamba mwenye kwacha mbili tatu huona njia ya kwenda kuzibadili ni ndefu. Lakini kanuni hiyo, kwa namna yake, inamlinda bibi wa Lyulilo dhidi ya mtu kama mimi. Inaniambia nibadili kwanza mahali panaporuhusiwa, kisha ndipo niende sokoni.

Sasa turudi kwenye kapu. Mzee wetu alikuwa na haki kumkumbuka Malaki, na mama yule alikuwa na haki pia, kwa sababu hawakuwa wakizungumzia sadaka moja. Mtu wa Malaki alikuwa na mnyama mzima zizini, akamwacha, akamchukua kilema. Mjane aliyetazamwa na Bwana wetu hekaluni alitoa sarafu mbili ndogo, na hazikuwa na maana kubwa sokoni, lakini hakuwa na nyingine. Kwacha ile ile yaweza kuwa sadaka ya Malaki au sadaka ya mjane. Mtunza hazina hawezi kuzitofautisha mezani. Anayejua ni mtoaji, anayejua kama mfuko wa pili una kitu. Wangu ulikuwa na kitu.

Kwa hiyo hatukutangaza katazo. Baraza liliamua kwamba kwacha ipokewe na iandikwe katika daftari peke yake, na usharika ndio ubebe gharama ya kwenda kuibadili kihalali. Ikipungua, imepungua mikononi mwa kanisa. Mzee aliyeleta hoja alikuwa wa kwanza kujitolea kuipeleka. Nami nilisema kanisani neno moja tu: kila mtu autazame mfuko wake wa pili.

Liko jambo jingine, na ni zito kuliko noti. Nimesikia vijana wetu wakimwita mtu aliyetoka ng'ambo "huyu wa kwacha". Amekuja kuhudhuria ibada, ameketi benchi la nyuma, na tunamgeuzageuza kama mwenye duka wa Mbeya: ametoka wapi, nani anamjua, ana barua ya usharika wake? Barua ni utaratibu mzuri. Lakini ubatizo haukuchapwa na serikali yoyote. Aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu ng'ambo ya Songwe hahitaji kubadilishwa ili athaminiwe huku. Mwenye duka aweza kuirudisha noti bila dhambi. Kanisa halina ruhusa ya kumrudisha mtu.

Na kanuni hii, kwamba anayejua abebe hasara, sikuitunga mimi. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba Bwana wetu alikuwa tajiri, akawa maskini kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa matajiri. Luther, katika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo cha mwaka 1520, aliueleza wokovu kama kubadilishana: Kristo anachukua dhambi na mauti yetu, nasi tunapokea haki na uzima wake. Mbadilishaji gani wa Kasumulu angekubali bei hiyo? Yeye aliijua noti yetu kuliko sisi. Alijua haipiti popote. Aliipokea kwa thamani kamili, na hasara ikawa yake msalabani.

Mwezi uliofuata nilirudi Lyulilo. Nilimkuta bibi amekaa kando ya vyungu vyake, nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba siku ile nilijua. Nilijua thamani imeshuka, nilijua maduka ya pale yatakataa, na mfukoni nilikuwa na shilingi. Alinyamaza muda, akipangusa mchanga kwenye chungu kwa kiganja. Kisha akasema, "Basi siku nyingine nikikuuliza, useme."

Sijapata kusikia masomo ya kipaimara yaliyo mafupi kuliko hayo. Ndugu msomaji, sokoni, mpakani au kanisani, kuna mtu atakayekutazama usoni na kukuuliza kama kile unachompa kinapita. Useme.