Meli ya Zamani na Mikono Inayoitunza

Sokoni Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, mara nyingi twasikia watu wakisifu lori kuukuu: "Ni la zamani, lakini linatembea!" Sifa hiyo ni tamu. Lakini tujiulize: kitu cha zamani chadumu kwa nini? Kwa nguvu ya chuma chake, ama kwa mikono ya anayekitunza? Na mtu anayekitumia bila kukitunza, je, hana kosa?

Tutazame mfano mmoja. Reli itokayo huku Katanga hufika Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo, katika nchi ya Tanzania, ndipo Kigoma, bandari ya meli Liemba. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 mjini Papenburg, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku 5,000 hivi, wakaileta kwa bahari mpaka Dar es Salaam, na kwa reli mpaka ziwani. Mwaka 1915 ikashushwa majini kwa kazi ya vita, na jina lake Graf von Götzen.

Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipaswa kuiacha Kigoma. Ili adui asiipate, waliizamisha meli karibu na mlango wa mto Malagarasi. Lakini kwanza mafundi walipaka mashine zake grisi nene, maji yasije yakazila. Pengine walitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mashine zilikuwa zafaa bado. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 ikatiwa mashine za dizeli badala ya zile za mvuke. Ilibeba wasafiri, mahindi na dagaa. Mwaka 2015 ikabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi toka Kagunga mpaka Kigoma. Basi, grisi ile ya mwaka 1916 iliwafaa watu ambao mafundi wale hawakuwajua kamwe, hata adui zao.

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria karibu na Mwanza, ikafa na mamia ya watu. Haikuwa imetimiza miaka 20. Liemba ilikuwa imepita 80. Bukoba ilijazwa kupita kiasi. Kwa hiyo umri peke yake siyo unaoua. Uzembe waua, na tamaa yaua.

Mwenye lori atatujibu: "Fedha ya kutengeneza sina." Twamhurumia, maana watoto wake wanangoja chakula. Lakini mama aliyeketi juu ya magunia yake hakujua kwamba breki ni mbovu. Hakukubali kuhatirisha maisha yake ili sisi tupate faida. Asiye na fedha ya breki asimamishe lori mpaka aipate. Liemba nayo, ilipopita miaka 100, ilisimamishwa ingoje matengenezo makubwa. Hiyo siyo aibu.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena kuna kuta ambazo hazijengwi tena, maana waliokaa ndani wamekwisha kufa. Basi, tukitaka kusifu kitu cha zamani, tuulize kwanza: nani amekipaka grisi?