Pool, Pinboli na Swali la Kamari

Je, ustadi unatosha kuutoa mchezo katika kamari? Jiji la New York lilipiga marufuku mashine za pinboli mwaka 1942 kwa hoja kwamba ni kamari, likaziruhusu mwaka 1976 baada ya mchezaji Roger Sharpe kuwaonyesha madiwani kuwa mpira huelekezwa kwa ustadi. Mwaka uliofuata, kampuni ya Bally ilitoa Eight Ball, pinboli yenye sura ya biliadi.

Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kuingia Uganda huucheza mchezo wenyewe wa pool mezani. Sarafu hutumbukizwa, mipira huporomoka kwa kishindo, ncha ya fimbo hupakwa chaki. Mara nyingi anayeshindwa ndiye anayelipia meza.

Sheria ya Kiislamu hutazama hapo. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida inakataza kamari, na kwa wanazuoni wengi kinachoharamisha ni dau: kila mchezaji kuhatarisha mali yake ili mmoja afaidike. Ustadi hauliondoi dau. Gharama ikigawanywa sawasawa, awe nani mshindi, sababu hiyo huondoka. Basi wachezaji na wachangie meza kabla ya kuanza.