Lipa Deni, Nanyi Mle

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya saba za mwanzo. Mjane anamlilia nabii Elisha: mumewe amekufa, na mwenye kuwadai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamkemei kwa deni. Anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta, basi. Yaliyofuata mnayajua: vyombo vitupu vya majirani, mlango uliofungwa, mafuta yakimiminika hadi vyombo vikaisha.

Wengi tunaishia kwenye muujiza, tunaliruka agizo la mwisho. Mjane aliambiwa auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki kimlishe yeye na wanawe. Shikeni mpangilio huo! Hakuambiwa aanze na sherehe, mdai asubiri. Wala hakuambiwa watoto walale njaa mpaka deni liishe. Mungu aliyetoa mafuta ya kulipia alitoa na ya kupikia.

Leo anayebisha hodi hachukui watoto. Anakuja na daftari la marejesho, na bajaji ya kubebea friji. Mtaani mikopo yake tumeiita kausha damu, na inakausha kweli. Mama wa genge anadamkia sokoni Ilala, anashinda juani na nyanya zake, na jioni mwenye daftari amesimama mbele ya meza akihesabu noti zile zile alizotegemea kununulia unga. Siku akikosa, anakopa kwenye simu ili amlipe wa jana. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Sitini na tisa, ndugu zangu!

Na tuambiane ukweli. Si kila mkopo uliletwa na ugonjwa au ada ya shule. Mingine imeishia kwenye sare za harusi, na kwenye ahadi ya mchango iliyotajwa kwa sauti ili ukumbi upige makofi. Tulikopa kwa kuogopa kuonekana hatuna.

Lakini nakuonya na wewe unayejinyima hadi umekuwa mkali nyumbani, mtoto akiomba soda ya Krismasi unamfokea kana kwamba yeye ndiye aliyekopa. Hayo si matakwa ya Mungu! Mshahara ukiingia, au mzigo ukiisha, toa rejesho kwanza. Katika kinachobaki, tenga cha nyumba, na humo humo kiwemo cha kufurahia: samaki wa kukaanga, mle pamoja, mcheke. Mkopo wa kulipia mkopo ukatae kabisa.

Mjane alimfuata Elisha watoto wakiwa bado nyumbani. Nawe usizime simu wala usijifiche. Mwendee anayekudai umweleze hali yako, na Jumapili hii, ibada ikiisha, mwone mzee wako wa kanisa umwambie unadaiwa na nani, na kiasi gani.