Ukimfungia panya, umebeba riziki yake

PANYA hana mtetezi. Ng'ombe ana mwenyewe, mbuzi ana mchungaji, na paka ana watoto wanaomlilia akifa. Ama panya, yeye ni adui wa ghala, mtoboa magunia, mla nguo na mleta maradhi. Mtume (SAW) amemtaja miongoni mwa viumbe watano waharibifu wanaouliwa hata na mtu aliyehirimia, na akahimiza taa zizimwe usiku kwa kuchelea kiumbe huyu asije akaburuta utambi akawaunguza watu ndani ya nyumba.

Pamoja na hayo, wapo watu wanaomfuga. Ulaya na Marekani panya wa kufugwa huuzwa madukani, nao ni jamii iliyozaliwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi. Hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO lililoanzia Ubelgiji limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafuga panya buku na kuwafundisha kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini pamoja na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliposikia habari hizo aliuliza darasani: "Ustadhi, kama panya anaruhusiwa kuuliwa, basi anayemfuga akimsahau mpaka akafa njaa amefanya kosa gani? Si angeuliwa tu?"

Swali hili lisichukuliwe kuwa ni la kitoto. Ndani yake mna swali kubwa zaidi: je, kiumbe ambaye sheria imeruhusu tumuue, ana haki yoyote juu yetu?

Jibu la kwanza ni kwamba ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (SAW) amefundisha kuwa Allah (SW) amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Tazama ndugu msomaji mafundisho haya yalivyowekwa mahali pagumu. Hayakuwekwa pale mtu anapomkumbatia mwanawe, bali pale anaposhika kisu. Akakataza pia kuadhibu kwa moto, kwani moto ni adhabu ya Mola wa moto. Na ipo habari ya Nabii mmojawapo aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamuru kiota kizima kichomwe, Allah (SW) akamlaumu kwa kuangamiza umma mzima unaomsabihi. Kwa hiyo anayemmwagia panya mafuta ya taa na kumwasha huku watoto wakishangilia, asijifiche nyuma ya Hadithi ya wale viumbe watano. Hadithi ile imempa idhini ya kuondoa madhara. Haikumpa idhini ya kustarehe kwa maumivu ya kiumbe.

Jibu la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo linahusu kule kufungia. Sote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Wengi tunaisimulia kama kwamba kosa lake lilikuwa kumchukia paka, au kumpiga. Sivyo. Alimfungia, hakumlisha, na wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Hadithi imetaja milango miwili ya salama: lisha, au achia. Aliyeangamia ni yule aliyeifunga yote miwili.

Hapa ndipo tofauti ilipo baina ya panya wa darini na panya wa tunduni. Panya wa darini riziki yake haikupita mikononi mwako. Anatoka usiku, ananusa, anatafuta, anapata au anakosa. Allah (SW) ametuambia ndani ya Qur'an kwamba hakuna mnyama katika ardhi ila riziki yake iko juu Yake. Lakini siku unapomtia kiumbe huyu tunduni na kutia komeo, umemzuilia njia zake zote za kujitafutia na kubakisha moja tu, nayo ni mkono wako. Hukumlazimika mpaka ulipomfungia. Ulipomfungia, umejitwika mwenyewe. Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwapoteza wale ambao chakula chao kiko juu yake.

Hivyo basi, kumwandalia mnyama makazi kabla hajaletwa ni sehemu ya amana yenyewe, na anayeona ni anasa za Wazungu hajaipima amana hiyo. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imamu Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), aliziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam. Akataja kuwa walishwe kwa kiasi kinachowafaa hata wakizeeka au wakiugua wasiwe na manufaa tena, wasitwishwe wasichokiweza, wasichanganywe na wanaowadhuru, wawe wa jinsi yao au wa jinsi nyingine, na mahali pao pa kulala patengenezwe vizuri. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kabla ya vyama vyote vya kutetea wanyama vinavyojulikana leo.

Tuzichukue haki hizo tuzipeleke kwa panya, tuone zinadai nini.

Malazi mema ya panya ni tundu pana lenye sakafu iliyo bapa, kwani sakafu ya waya mtupu humchubua nyayo zikafanya vidonda. Nafasi kati ya waya na waya iwe ndogo, kwa sababu panya mchanga hupenya pale kichwa chake kinapopenya. Awe na mahali pa kujificha, kwa kuwa panya ni kiumbe cha giza na woga, na kumweka kwenye mwanga siku nzima bila kificho ni kumtesa. Panya buku wa Morogoro huwekewa chungu cha udongo cha kulalia. Matandiko yawe ya karatasi au majani makavu yasiyo na vumbi. Maranda ya msonobari yenye harufu kali hayafai, kwani yanadhuru mapafu yake, na mapafu ndiyo udhaifu mkubwa wa panya. Kwa sababu hiyo hiyo tundu lisafishwe mara kwa mara, maana mkojo ukilundikana hutoa hewa inayowasha na kumwunguza kifua. Awekewe kipande cha mti kisicho na sumu, kwa kuwa meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote na asipoguguna yatamzuia kula. Na tundu lisiwekwe juani. Panya hatoki jasho kama sisi, na joto letu la Dar es Salaam au Tanga mchana wa Februari linaweza kumuua kwa saa chache.

Kuhusu kutochanganywa na wenye kumdhuru, paka wa nyumbani asiweze kulifikia tundu. Panya wadogo wa kufugwa ni viumbe vya jamaa, na mmoja akiwekwa peke yake hudhoofika kwa upweke. Lakini panya buku madume wakiwekwa pamoja huweza kuumizana. Na dume na jike wa wale wadogo wakikaa pamoja, mimba ni kama siku 22 tu, na kila uzao huweza kufika watoto kumi au zaidi. Aliyekuwa na nafaka za kulisha wawili anaweza kujikuta na kumi na wawili au zaidi kabla hata mwezi haujaisha. Huko nako ni kujitwika usichokiweza.

Na kuhusu kulishwa hata manufaa yakiisha, upo mfano unaotosha. Panya buku aitwaye Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Kwa takriban miaka mitano aligundua zaidi ya mabomu 100 ya ardhini na silaha nyingine zisizolipuka, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Juni 2021 alistaafishwa kwa uzee. Hakuachwa wala hakutupwa, bali alilishwa mpaka alipokufa Januari 2022. Sisi wenye kitabu cha Sheikh Izzuddin tujiulize punda wetu waliozeeka wako wapi.

Najua watakuwepo watakaosema: "Watu wanalala njaa, nanyi mnazungumzia matandiko ya panya?" Hoja hii ina haki yake. Lakini hakuna aliyemlazimisha mtu kufuga panya. Sharia haikusema nenda kamtafute panya umjengee. Imesema ukimfungia, mlishe. Mwenye kuona kwamba chakula chake, maji yake, usafi wake na muda wake ni mzigo asioumudu, basi njia iko wazi nayo ni kutomleta. Hii ndiyo faida ya maandalizi. Mtu anayeanza na tundu kabla ya panya hupata siku kadhaa za kupiga hesabu, na huenda mwisho wake akaamua kuacha. Kuacha huko nako ni kheri. Ama anayeanza na panya kabla ya tundu, huyo hesabu yake itapigwa juu ya mgongo wa kiumbe asiyeweza kusema.

Wengine watasema kuwa wapo wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, waliozuia kabisa kufugwa kwa viumbe wale watano. Ni kweli, na kauli yao ni nzito, hasa kwa mtu anayetaka kufuga kwa ajili ya kujifurahisha tu. Anayetaka kufuga na awaulize wanavyuoni wake kwanza. Ila isidhaniwe kwamba kauli ile inampa mfugaji ruhusa ya kumtupa aliyekwisha mfungia. Akiwa amekosea kumfunga, hawezi kusahihisha kosa hilo kwa kumnyima maji. Atakuwa na makosa mawili.

Wala tusisahau haki ya jirani na ya watu wa nyumbani. Dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Tauni imewahi kuwasumbua ndugu zetu wa Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980, na mwaka 2022 homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama wakiwemo panya, iliua watu katika mkoa wa Lindi. Kwa hiyo panya wa porini au wa jalalani asifanywe mchezo wa watoto. Hata huyo wa kufugwa, tundu lake likae mbali na jikoni na mahali pa kuswalia, na mikono ioshwe kwa sabuni kila anaposhikwa. Na mtoto akiomba aletewe mnyama, mzazi ajue kwamba mtoto hana taklifu. Mtoto akichoka baada ya wiki mbili, daftari litakaloandikwa ni la mzazi.

Sasa huenda msomaji akasema, haya hayanihusu, mimi sifugi panya. Twende taratibu. Unao mtego wa tundu jikoni kwako? Uliutega lini mara ya mwisho, na ulikwenda kuutazama lini? Panya akinaswa saa nne za usiku, ukaondoka asubuhi kwenda kazini bila kutazama, ukarudi jioni, kiumbe yule amekaa saa 20 bila maji, pengine kwenye jua la dirishani. Umemfungia, hukumlisha, na hukumwachia. Hata hukumuua, jambo ambalo ulikuwa umeruhusiwa. Vivyo hivyo gundi ya panya inayouzwa mitaani kwetu. Panya hunasa miguu na mdomo, hulia, hujichuna ngozi akijaribu kujinasua, na huchukua saa nyingi au hata siku kufa, kisha hutupwa jalalani akiwa bado anapumua. Mwenye kuitandika gundi hiyo alikuwa na haki ya kuondoa madhara nyumbani mwake. Lakini wema ule uliofaradhishwa hata katika kuua ameuweka wapi?

Rai yangu kwa Waislamu wenzangu ni nyepesi kutekeleza. Anayetega, atumie mtego unaoua papo hapo, na anayetumia tundu alitazame alfajiri kabla ya kwenda msikitini, kisha amalize jambo lake upesi. Gundi tuiache. Anayefuga, aandae kwanza, alete baadaye. Na walimu wa madrasa, tunapoisimulia Hadithi ya paka, tuwaeleze watoto kwamba jambo lililomwangamiza yule mwanamke ni mlango alioufunga kisha akausahau, na kwamba mlango wa namna hiyo unaweza kufungwa juu ya kiumbe yeyote, hata yule ambaye hakuna anayemlilia.

Wallahu a'lam.