Yafaa Kupiga Picha Ndani ya Nyumba ya Mungu?



Zamani hujaji alirudi kwao na rozari, medali na sanamu ndogo ya Mama Bikira Maria. Siku hizi hurudi pia na picha nyingi ndani ya simu yake: altare, madirisha ya rangi, nguzo ndefu, na mara nyingi sura yake mwenyewe mbele ya hayo yote. Kutoka vilima vya Mumosho waamini huenda Bukavu kusali katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani. Wengine huenda mbali zaidi, hata Kibeho katika Rwanda, au Namugongo katika Uganda kwa sikukuu ya Mashahidi. Sisi tufundishao katekisimu huulizwa na watoto, na hata na wazazi wao: je, ni halali kupiga picha ndani ya kanisa? Wako wanaojibu upesi kwamba ni kufuru. Wako wanaocheka, wakisema kwamba simu haina dhambi. Majibu hayo mawili ni mafupi mno. Tulitazame swali hili kwa utaratibu, kama iwapasavyo watu wenye akili na imani.

Kwanza tukubali kwamba picha yenyewe si adui wa dini. Karibu na mwaka 600, Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alimwandikia Serenus, Askofu wa Marseille, aliyekuwa amevunja picha za kanisa kwa kuogopa watu wasije wakaziabudu. Papa alimsifu kwa kukataza zisiabudiwe, lakini alimkemea kwa kuzivunja. Kwa maana picha ukutani humfundisha asiyejua kusoma yale ambayo kitabu humfundisha msomaji. Tena Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitufundisha kwamba heshima itolewayo kwa picha humfikia yeye aliyechorwa. Walimu wa mashule ya misioni twaujua ukweli huo kwa kazi yetu ya kila siku. Mtoto asiyeshika maneno ya somo hulishika mara aonapo picha ya Mchungaji Mwema akimbeba kondoo mabegani. Basi, ikiwa picha hufundisha, hatuwezi kumhukumu mtu kwa sababu ya picha tu.

Pili, lazima tukumbuke kwamba kanisa si jumba la kutazamwa tu. Taa iwakayo karibu na Tabernakulo yatuambia kwamba Mwenyewe yupo. Mtu akiingia katika nyumba ya mwami, hazunguki kwanza kukagua mapambo yake. Humsalimu mwenye nyumba, kisha husubiri. Itakuwaje basi katika nyumba ya Nyamuzinda, kama wazee wetu wa Bushi walivyozoea kumwita Mungu? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1210, yaagiza kwamba mahali patakatifu pasifanyike ila mambo yanayosaidia ibada, uchaji na dini, na kwamba yasiyopatana na utakatifu wa mahali pale yamekatazwa. Sheria hiyo haitaji kamera. Yatupa kipimo cha kupimia kamera na kila kitu kingine tunachokiingiza kanisani.

Tuchukue mfano wa Namugongo. Basilika ile ina umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, nayo ina nguzo 22, kwa hesabu ya Mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Altare yake iko mahali ambapo Mtakatifu Karoli Lwanga alichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Mtu aweza kuzipiga picha nguzo zote 22, akatoka bila kupiga goti mbele ya altare ile. Mtu huyo ameona nini? Ameona jengo. Ushuhuda ambao jengo lilijengwa kwa ajili yake haukumgusa, na hana cha kuwaambia watu wa nyumbani ila kwamba paa ni kubwa.

Hapo Maandiko Matakatifu yatusaidia. Katika kitabu cha Kutoka twasoma habari za Musa, alipokiona kile kijiti kilichowaka moto bila kuteketea. Alisogea ili atazame ajabu ile, na Mungu hakumgombeza kwa kutaka kuona. Lakini kabla hajakaribia aliamriwa kuvua viatu vyake. Na baada ya kuona hakuachwa akae pale akifurahia peke yake. Alitumwa kwa ndugu zake waliokuwa Misri, ambao hawakukiona kijiti. Angalieni utaratibu huo: kutamani kuona, kisha kuheshimu, kisha kutumwa. Tamaa ya kuona si mbaya. Mabaya huanza pale mtu anaporuka heshima, au anapokataa kutumwa.

Labda msomaji mmoja atasema: ikiwa hatari ni kubwa hivyo, si afadhali kuacha kabisa? Atazamaye kwa simu hatazami kwa moyo. Neno hilo lina nguvu, na mara nyingi ni kweli. Lakini tuwafikirie wasiosafiri. Katika kila kijiji chetu yuko mama mzee aliyelima muhogo na maharage maisha yake yote, aliyebatiza watoto wake wote, na ambaye hatafika Namugongo kamwe, kwa kukosa nauli na nguvu za miguu. Mara nyingi hujaji huenda kwa mchango wa jumuiya yake. Hakuenda kwa niaba yake peke yake. Akirudi mikono mitupu, akasema tu kwamba kulikuwa kuzuri, je, amelipa deni lake? Picha ya altare ya Karoli Lwanga, ikionyeshwa pamoja na maelezo mema, yaweza kumfanya mama yule asali kana kwamba naye amefika.

Tena picha hutunza kumbukumbu. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Goma likaharibiwa. Mahali walipobatizwa na kufunga ndoa watu wengi, pakawa mawe meusi. Aliyekuwa na picha ya arusi yake ndani ya kanisa lile alikuwa na kitu ambacho mlima haukuweza kukichukua. Vivyo hivyo huko Ufaransa, Kanisa Kuu la Mama Yetu la Paris lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, picha na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya moto viliwasaidia mafundi kulijenga upya, hata likafunguliwa tena Desemba 2024. Kwa hiyo yule asemaye kwamba picha zote ni upuuzi hasemi kweli.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote: watu wanaosali. Mlango, dirisha na nguzo haviwezi kuaibishwa. Binadamu aweza. Katika Kanisa Kuu la Bukavu watu hufika kumwombea na kumkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Mwanamke apigaye magoti akilia machozi anazungumza na Mungu juu ya mambo ambayo pengine hajamwambia hata padri. Anayempiga picha kwa siri, kwa kuwa machozi yake yapendeza pichani, ameiba. Hakuchukua fedha, amechukua siri ya moyo, akaipeleka sokoni. Na katika nchi yetu, ambamo mara nyingi wakimbizi wamelala makanisani kwa kuogopa vita, picha ya uso wa mtu yaweza kumfikia yule anayemwinda. Hapo swali si adabu tena, bali ni uhai wa jirani, na amri ya tano yahusika. Jengo zuri namna gani, au nia njema namna gani, hairuhusu jambo hilo.

Kwa hiyo, tukiulizwa na watoto wetu, tuwajibu hivi. Uingiapo kanisani, piga goti na usali kwanza; simu ibaki mfukoni. Uliza mwenye mahali kama yaruhusiwa, kwa maana desturi hazifanani: katika Kanisa la Sistina huko Vatikano, ambalo dari yake ilichorwa na Michelangelo kati ya miaka 1508 na 1512, wageni wamekatazwa kupiga picha, na hakuna aonewaye kwa kukatazwa. Usiwashe mwanga wa kamera. Wakati wa Misa Takatifu acha kabisa. Papa Fransisko, tarehe 8 Novemba 2017, alieleza huzuni yake alipoona simu nyingi zikiinuliwa wakati wa Misa, si za waamini tu, bali hata za mapadri na maaskofu. Akakumbusha kwamba padri atualika kuinua mioyo, wala si simu. Tena usimpige mtu picha katika sala yake bila ruhusa yake. Na ujiulize kwa unyofu: picha hii ni kwa ajili ya nani? Ikiwa ni kwa ajili ya kuonekana kwamba nilifika, yamtukuza nani?

Ndugu zangu, swali la mwisho hulijibu kila mmoja peke yake mbele ya dhamiri yake, wala hatuwezi kulijibu kwa ajili ya jirani. Tusimdharau kijana tumwonapo na simu mbele ya altare. Labda amekwisha kusali kuliko sisi, na sasa amkumbuka nyanya yake. Bali tumfundishe. Na yeye arudipo nyumbani, asiitume tu picha kwa watu na kunyamaza. Aketi jioni na wazee na wadogo, awaonyeshe ile altare, awasimulie Karoli Lwanga alikuwa nani na kwa nini alikubali moto, kisha wasali pamoja Baba Yetu moja. Hapo safari yake itakuwa imewafikia wote waliomchangia nauli.