Waliona Wote Watatu

Andiko: Luka 10:30–37



Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalipasua njia karibu na Mai Mahiu, yakasomba watu wakiwa usingizini. Zaidi ya 40 walikufa. Siku hiyo hiyo video zilifika kwenye simu yangu. Nilitazama, machozi yakanilengalenga. Nikatuma kwenye grupu yetu ya WhatsApp na ile alama ya mikono ya maombi. Wengi mkajibu "Mungu awakumbuke." Halafu nikamalizia chai yangu.

Jumapili iliyofuata, mama mmoja kutoka upande wa Nyando aliketi katikati yetu. Nyumba yake ilikuwa ndani ya maji, watoto wake wanalala darasani. Nilimsalimia mlangoni, nikamwambia, "Karibu tena." Habari zake nilikuja kuzijua wiki mbili baadaye. Wa Mai Mahiu nilimlilia. Wa Nyando, niliyemshika mkono, sikumuuliza hata swali moja.

Je, machozi yangu yalikuwa ya uongo? Sidhani. Lakini yalikauka kabla hayajafanya kazi.

Hebu tusome Luka polepole. Kuhani alimwona yule majeruhi. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Wote watatu walipata picha ile ile! Kwa hivyo kuona peke yake si wema. Wawili walipita kando, mmoja akakaribia. Na sisi tuliosoma biashara tunaona jambo lingine: huruma ya Msamaria ilikuwa na bajeti. Mafuta, divai, mnyama wake, dinari mbili, na ahadi ya kurudi kulipa kitakachozidi.

Utaniambia, "Lakini pasta, picha ni nyingi. Juzi Beira, jana Derna, leo Turkana. Tutasaidia wangapi?" Ni kweli, moyo huchoka, na mwisho tunapitisha kidole tu. Lakini kumbukeni 2011. Ukame ulipobana Turkana na picha za wenye njaa zikajaa kwenye televisheni, Wakenya walichanga kwa simu katika Kenyans for Kenya mpaka lengo la shilingi milioni 500 likapitwa. Turkana haikuwa karibu. Ila picha zile zilikuja na njia: nambari ya kutuma na lengo linalojulikana. Picha isiyo na njia hutuachia majonzi, na majonzi yasiyo na kazi hugeuka mazoea.

Basi tusingoje picha itupe njia. Tuitengeneze wenyewe. Nyanda za Kano hufurika mara kwa mara mvua ya masika ikizidi. Hilo tunalijua Februari, kabla ya video yoyote. Kanisa linaloweka akiba ya unga na blanketi Februari limependa kuliko grupu inayolia Aprili.

Na mtu asiseme nimedharau maombi. Maombi ni kazi, tena kazi nzito. Alama ya mikono kwenye simu si maombi mpaka magoti yafuate.

Wiki hii, kabla hujasambaza video ya maafa, fanya kwanza jambo moja linalokugharimu: tuma kitu, piga simu, au omba ukitaja mahali pale kwa jina. Na Jumapili, muulize aliyeketi kando yako amelala wapi.

Bwana atupe macho yenye miguu. Amina.