Kweli ya Jana na Ukimya wa Leo

Je, neno lililokuwa kweli siku liliposemwa laweza kugeuka uwongo pasipo kubadilishwa hata herufi yake moja? Ndugu msomaji, usifanye haraka kujibu kwamba hili ni fumbo la wanachuoni waliokosa kazi. Katika vijiji vya Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma, swali hili limeingia nyumbani mwa wazee na kuketi nao.

Mwezi wa Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianza kuzilipa fedha kaya maskini kabisa katika wilaya tatu za majaribio: Bahi, Chamwino na Kibaha. Waliokusudiwa hasa ni wazee wa miaka 60 na zaidi, pamoja na watoto. Kwa mzee mmoja kilikadiriwa kiasi kilicho sawa na dola 6 za Marekani kwa mwezi, na kwa mtoto dola 3, malipo yakitolewa kila baada ya miezi miwili. Mzee naye alitakiwa kwenda kupimwa afya angalau mara moja kwa mwaka. Vijiji 80 viliingizwa katika jaribio hilo, na kwa bahati nasibu 40 vikalipwa kwanza. Maskini wa vile 40 vingine wakangoja. Basi fedha hizi hazikuwa maji ya mvua yanyeshayo kwa wote. Kila shilingi ilikuwa na jirani anayeitazama.

Sasa tuchukue mfano wa bibi wa miaka 70, mjane, anayelea wajukuu wawili. Siku alipoulizwa habari za kaya yake alijibu: "Wanangu, sina wa kunisaidia, na watoto hawa wananitazama mimi." Ilikuwa kweli tupu. Miaka miwili ikapita. Kijana wake akapata kazi ya ulinzi mjini Dodoma, akaanza kumletea kitu kila mwisho wa mwezi. Mjukuu mmoja akahamia kwa shangazi yake huko Manyoni. Hakuna aliyekuja kumwuliza tena. Siku ya malipo bibi huenda, huweka dole gumba, hupokea, hurudi kwake. Je, amesema uwongo? Mbona hakufungua kinywa?

Mimi naona kwamba amesema, ingawa kwa kidole. Maneno ya siku ile hayakuwa kama salamu, ambayo ikishatolewa imekwisha. Yalikuwa ndiyo sababu ya malipo, na kila anapopokea huyasema upya: hali yangu ni ile ile, watoto ni wale wale wawili. Neno halikubadilika, ulimwengu ndio uliosogea chini yake, naye aliyelisema ndiye peke yake ajuaye kwamba umesogea.

Wala Wagogo hawahitaji mgeni awafundishe jambo hili. Tangu zamani mwenye ng'ombe wengi katika nchi ile huwagawa baadhi yao kwa jamaa na rafiki wamtunzie, ili ukame au maradhi yakishuka mahali pamoja asipoteze wote. Mtunzaji hunywa maziwa, na ni haki yake. Lakini ng'ombe akizaa, mwenyewe hana budi kupata habari. Na akifa, mwenyewe hataki kusikia habari za kifo hicho kutoka kwa watu wa njiani. Mtunzaji atakayejitetea kwa kusema, "Hukuniuliza," nani atampa ndama mwingine? (Na kwa desturi hiyo hiyo, mwandishi anayehesabu ng'ombe zizini ili kupima utajiri wa mtu na ajihadhari, maana huenda anahesabu mali ya watu wengine.) Kurani Tukufu, inapowasifu waaminio, imetaja amana na ahadi kwa pamoja. Bibi yetu anavyo vyote viwili mkononi.

Hata hivyo, sikubali aachiwe mzigo wote peke yake. Yeye anaogopa, na woga wake una akili. Kijana analeta fedha mwezi huu, miezi mitatu ijayo haleti. Akitoa habari leo akafutwa, nani atamrudisha? Katika Ugogo mvua ina msimu mmoja. Mwaka huu uwele umejaa ghalani, mwakani ni jua tupu. Je, gunia moja la ziada ni badiliko la hali? Nasema si badiliko. Hilo ni wimbi tu, na maskini wote huishi juu ya mawimbi. Lakini kifo, kuhama kwa mtoto, mshahara usiokatika, hayo ni mabadiliko. Anayetunga kanuni anapaswa kumwambia bibi waziwazi, kwa lugha anayoielewa, ni lipi analotakiwa kuleta na lipi aliache. Akinyamaza, naye ana sehemu yake katika ukimya wa bibi.

Tena kuna njia ya kumfanya mkweli asiangamie. Sheria ya pensheni ya wazee ya Uingereza ya mwaka 1908, iliyoanza kulipa tarehe 1 Januari 1909, iliwapa watu wa miaka 70 shilingi 5 kwa juma ikiwa pato lao halikuzidi pauni 21 kwa mwaka. Aliyezidisha hapo hakufukuzwa mara moja: alipunguziwa ngazi kwa ngazi, na kukatiwa kabisa pato likipita pauni 31 na shilingi 10. Ngazi hizo zilikuwa nyembamba, lakini ni ngazi. Mahali palipo na ukuta badala ya ngazi, tunawataka wazee ushujaa ambao sisi wenyewe tulio na mishahara hatuna.

Zanzibar ilichagua njia nyingine. Tangu Aprili 2016 wazee wa miaka 70 wakapewa pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi hapo mwanzo, pasipo kuulizwa mali zao wala mishahara ya watoto wao. Swali la kijana aliyepata kazi likaondoka kabisa. Likabaki moja: mzee anapofariki, nani atapeleka habari? Marehemu hawezi. Hapo amana inahamia kwa mtoto aliyekuwa akimsindikiza kwenda kupokea, maana yeye ndiye ajuaye kwamba kitambulisho cha mama bado kipo sandukuni.